Habari Inayongoja na Habari Isiyongoja: Makundi ya Wenzi na Vyombo vya Mawasiliano Kasongo na Kabambare

Mwezi Julai 1870 David Livingstone alirejea Kabambare, mahali alipopaandika kwa jina la Bambarre, akiwa na vidonda vya miguu vilivyomzuia kutembea. Alikaa hapo hadi Februari 1871. Kati ya watu waliomfaa katika safari zake za miaka hiyo alikuwako Muhammad bin Gharib, mfanyabiashara wa pembe, ambaye watu wake walikwisha kumbeba machelani akiwa mgonjwa mwaka 1869 hadi ziwa Tanganyika. Kilichomtesa Kabambare pamoja na vidonda ni ukosefu wa habari. Barua nyingi alizopeleka pwani hazikufika, na alizozitazamia kutoka huko zilikuwa zimekwama njiani. Karatasi nazo zilimwishia, akawa anaandika juu ya vipande vya magazeti makuukuu kwa wino uliotokana na mbegu za mmea wa huko, mistari yake ikikatiza ile iliyopigwa chapa. Sehemu kubwa ya shajara yake ya mwaka 1871 iliandikwa juu ya nakala ya gazeti la The Standard la London la tarehe 24 Novemba 1869. Wino huo ulififia mno, hata watafiti waliotoa maandishi hayo mwaka 2011 walilazimika kwanza kuzipiga picha kurasa zake kwa mianga ya rangi mbalimbali ndipo maneno yakasomeka. Kitabu alichokitegemea ni Biblia, na mwenyewe aliandika kwamba katika nchi ya Wamanyema aliisoma yote mara nne.

Mtu mmoja amekaa peke yake na maandishi machache, anayasoma, anayarudia, anatazama njia ambayo habari zaidi zingepitia. Picha hiyo haiko mbali na malalamiko ya siku hizi juu ya mtu na simu yake. Mwisho wa kisa, hata hivyo, si ule unaotazamiwa. H. M. Stanley alipomkuta Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871 alimletea mfuko wa barua uliochelewa njiani kwa muda mrefu. Kwa masimulizi ya Stanley, mzee huyo aliuweka mfuko magotini, akaufungua, akasoma barua moja mbili za watoto wake, kisha akamtaka mgeni amweleze kwanza habari za ulimwengu. Alipohimizwa asome barua zake, alijibu kwamba alikuwa amezingojea kwa miaka, na saa chache zaidi hazingemdhuru.

Katika jibu hilo mna swali ambalo ni kubwa kuliko kisa chenyewe: ni habari ipi inayoweza kungoja, na ni nani anayeamua? Makala haya yanalifuatilia swali hilo Kasongo na Kabambare, toka zama za barua hadi zama za simu ya mkononi, ili kuyatazama kwa jicho la historia makundi ya wenzi yanayokutana kwa njia ya intaneti kusaidiana kurekebisha matumizi ya intaneti yenyewe. Dai lake ni kwamba kusini mwa Maniema kazi ya wenzi haikuwa kumzuia mtu asipate habari, bali kupambanua pamoja naye ipi isubiri na ipi isisubiri. Simu iliivunja kazi hiyo bila mtu yeyote kukusudia.

Mzaha wa mwaka 1995

Historia ya makundi ya kusaidiana mtandaoni ni fupi, tena ilianza kwa dhihaka. Mwaka 1995 Ivan Goldberg, daktari wa maradhi ya akili wa New York, alitunga maelezo ya ugonjwa wa kubuni, uraibu wa intaneti, kwa kuiga mtindo wa mwongozo rasmi wa madaktari wenzake, akayatoa mtandaoni. Alikusudia kuwacheka wale waliotaka kila tabia iitwe ugonjwa. Baadhi ya wasomaji hawakucheka. Waliandika kukiri kwamba ugonjwa huo wanao. Kikazuka kikundi cha kusaidiana, nacho kikakutania kwenye intaneti hiyohiyo. Mwaka uliofuata mwanasaikolojia Kimberly Young alilipeleka suala hilo katika mkutano wa wataalamu wenzake huko Toronto, safari hii bila mzaha. Mwaka 2002 Elizabeth Woolley, mama wa Marekani aliyefiwa na mwanawe aliyekuwa amezama katika mchezo wa kompyuta, alianzisha Online Gamers Anonymous, akifuata njia ya hatua 12 iliyotokana na Alcoholics Anonymous, chama kilichozaliwa Akron, Ohio, mwaka 1935. Baadaye kimekuja chama kingine, Internet and Technology Addicts Anonymous, kinachoshughulika na kila namna ya matumizi ya vyombo hivyo. Shirika la Afya Duniani kwa upande wake limekwenda kwa tahadhari: orodha ya 11 ya maradhi, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, imeutambua ugonjwa wa michezo ya kompyuta, si uraibu wa intaneti kwa jumla.

Utaratibu wa vyama hivyo ni mwepesi kuueleza. Mwanachama hujitambulisha kwa jina lake la kwanza tu, husema hali yake bila kukatizwa wala kupewa mawaidha, hujiwekea mipaka yake mwenyewe, na mkono wake unapoelekea kwenye chombo humpigia mwenzake kwanza. Hakuna daktari, na uenyekiti huzunguka. Wakosoaji wamesema kukutana mtandaoni kwa ajili ya kuukwepa mtandao ni sawa na walevi kukutana kilabuni. Dhihaka hiyo ina nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba mlevi aliye peke yake nyumbani hana hata mtu wa kumpigia.

Jambo linalostahili kuangaliwa zaidi ni dhana iliyo chini ya utaratibu huo, yaani kwamba mtumiaji wa chombo ni mpweke: yuko chumbani mwake, mlango umefungwa, wenzake hawamjui. Neno la Kiswahili lililochaguliwa kutaja hali hiyo linapinga dhana hiyo kimyakimya. Uraibu pwani ulihusu tambuu na tumbaku, vitu vya kutafuna ambavyo mtu huvizoea hata akashindwa kuviacha, lakini ambavyo hutafunwa barazani, kijaluba kikipitishwa mkono kwa mkono. Aliyezidisha alionekana. Kinachotofautisha uraibu wa simu na ule wa tambuu si nguvu ya mazoea peke yake; ni kwamba mwenye kuzidisha haonekani.

Barua na baraza

Tangu katikati ya miaka ya 1870 Kasongo ilikuwa makao ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, na Kabambare ilikuwa kituo katika njia iliyotoka huko kwenda ziwa Tanganyika, Ujiji, Tabora na hatimaye pwani. Njiani zilipita pembe na watumwa, na pamoja nao barua za hati ya Kiarabu. Katika Maisha yake, yaliyotolewa kwa herufi za Kirumi na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, Tippu Tip anazitaja barua mara kwa mara. Barua za Seyyid Barghash zilizomwita arudi Unguja zilikuwa na uzito wa kumwondoa Maniema mtu mwenye himaya nzima. Barua ya namna hiyo ilisafiri kwa miezi. Ilipofika, habari iliyomo ilikuwa imekwisha kuwa ya zamani, na kila aliyeipokea alilijua hilo.

Kwa kuwa waliojua kusoma walikuwa wachache, barua ilikuwa mali ya wengi hata kama jina la mpokeaji lilikuwa moja. Msomaji alisoma kwa sauti. Waliokaa walisikia, wakauliza, wakatofautiana juu ya maana. Habari za bei ya pembe zilitengwa na habari za msiba, na za msiba zilitafutiwa saa na mtu wa kuzifikisha. Huko kupambanua ndiko kulikompa kila mmoja nafasi ya kupumua kati ya kusikia na kutenda. Kiswahili cha Maniema, ambacho wageni walikiita Kingwana kwa kuwa kilikuwa lugha ya Waungwana, kilikua kwa sehemu kubwa katika mikutano ya aina hiyo, baina ya watu ambao lugha zao za nyumbani zilitofautiana: Wabangubangu, Wakusu, Wazimba na wengineo.

Haifai kuipamba baraza hiyo kupita kiasi. Waliokaa humo walikuwa wanaume wenye mali. Watumwa hawakuulizwa maana ya barua, ingawa mara nyingi barua ilihusu uhai wao, na wanawake walizisikia habari zikiwa zimekwisha kuchujwa. Anayechuja habari ana uwezo wa kuificha. Hilo litarudi tena na tena katika historia ya mahali hapa, na ndilo linalotenga kundi la wenzi na mamlaka ya mkubwa.

Vita vya miaka 1892 hadi 1894 viliibomoa njia ile ya barua. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo chini ya Francis Dhanis yaliiteka Nyangwe mwezi Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huohuo. Kabambare ilitekwa Januari 1894, baada ya kushindwa kwa Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kama Rumaliza, aliyekuwa ametawala Ujiji. Rumaliza alinusurika, na baadhi ya wanahistoria wamemhusisha na jambo lililotokea miaka 14 baadaye ambalo lina maana ya pekee hapa. Mwaka 1908 ulienea katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani waraka uliosemekana kutoka Makka. Ulieleza ndoto ya sheikh mmoja mlinzi wa kaburi la Mtume, ukaonya kwamba mwisho wa dunia umekaribia, ukawataka waumini waurudie uchamungu, na ukapita mji hadi mji kwa kunakiliwa. Wajerumani waliingiwa na hofu, hasa Lindi. Aina hiyo ya waraka imekwisha kuonekana mara nyingi katika nchi za Kiislamu, kabla na baada ya hapo, na leo huonekana katika simu, mara nyingine bila kubadilishwa sana.

Kwa hiyo tamaa ya kunakili na kupeleka mbele haikuletwa na simu. Kilichobadilika ni gharama. Mwaka 1908 kunakili waraka kulihitaji karatasi, wino, mtu ajuaye hati, na saa nzima ambayo katika muda wake mtu huyo aliweza kujiuliza, au kuulizwa na aliyeketi kando yake, kama anayoyaandika ni kweli.

Wakati huo wa kati ya vita viwili vya dunia Kasongo ilipata chombo kingine cha kutunza nafsi kwa pamoja. Tarika ya Kadiriya ilienea miongoni mwa Waislamu wa Maniema, na serikali ya Wabelgiji iliitazama kwa hofu iliyozidi ukubwa wake. Hofu hiyo bado inasikika katika maandishi ya kikoloni juu ya Waislamu wa sehemu hiyo. Kisiasa tarika imekwisha kuandikwa vya kutosha. Kilichoangaliwa kidogo ni upande wake wa mazoea. Muridi hukabidhiwa uradi wa kusoma kwa saa maalumu, hukutana na ndugu zake kwa dhikri, na asipoonekana huulizwa. Hafundishwi kuacha kusema wala kusikia, hupangiwa saa. Mtu aliyelelewa katika utaratibu huo hawezi kushangazwa na kundi la wenzi linalokutana kila siku kwa dakika chache ili kila mmoja aeleze amefanya nini na muda wake.

Redio moja, masikio mengi

Matangazo ya redio kwa Waafrika wa Kongo yalianza Leopoldville mwaka 1949, Kiswahili kikiwa mojawapo ya lugha zake. Kwa miaka mingi redio ilikuwa chombo cha nyumba chache, na kwa sababu hiyo ilisikilizwa na mtaa. Mwenye redio alichagua stesheni, wenye masikio wakachagua maana.

Ng'ambo ya ziwa, katika nchi ambayo Wamanyema wengi wa Ujiji na Kigoma walikuwa wamekuwa raia wake, usikilizaji huo ulifanywa mradi wa taifa. Tanzania iliendesha kampeni ya Wakati wa Furaha mwaka 1971, Mtu ni Afya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai mwaka 1975. Ile ya mwaka 1973 ndiyo iliyokuwa kubwa kupita kiasi: kwa majuma 12 watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vyenye viongozi takriban 75,000, wakasikiliza kipindi pamoja, wakasoma kitabu cha kampeni, wakajadili, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Umuhimu wa kampeni hiyo kwa suala hili uko katika mpangilio wake. Redio ilisema kwa muda mfupi, kisha ikazimwa. Muda uliobaki ulikuwa wa watu. Haikuwa redio iliyobadili mazoea yao, bali majirani waliosikia maneno yaleyale na kesho yake wangeweza kuona kama shimo limechimbwa au la.

Kasongo yenyewe ilikuwa ikijifunza jambo la karibu na hilo kwa njia nyingine. Kuanzia mwaka 1971 Mradi wa Kasongo, ulioshirikiana na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, ulijenga mtandao wa vituo vidogo vya afya, kila kimoja kikihudumia wakazi wapatao 10,000, chini ya wauguzi waliotakiwa kuzungumza na wananchi kabla ya kuwaamulia. Mradi huo ulitajwa sana katika mijadala ya afya ya msingi iliyoandamana na mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978. Wataalamu wa afya wa nchi nyingi wanaijua Kasongo kwa sababu hiyo peke yake, hali wataalamu wa Kiswahili wanaijua kwa Tippu Tip peke yake. Makundi hayo mawili yangefaidika kusomana. Somo la vituo vile ni kwamba tabia inayodhuru afya haiondolewi na agizo la daktari aliye mbali. Huondolewa, ikiwa inaondolewa, katika mazungumzo ya mara kwa mara na mtu anayerudi kesho.

Miaka ya 1990 ilionyesha upande wa pili wa redio. Matangazo ya RTLM ya Rwanda, yaliyoanza mwaka 1993, yalitumia uaminifu wa msikilizaji kwa kuua. Wakimbizi walimiminika mashariki ya Zaire mwaka 1994, vita vikafuata mwaka 1996, vikarudi mwaka 1998, na mwezi Oktoba mwaka huo Kindu iliangukia mikononi mwa waasi wa RCD. Kasongo ikatengwa na sehemu nyingine za nchi. Barabara zilikufa, baiskeli iliyosukumwa kwa mkono ndiyo iliyobeba chumvi, na ndiyo iliyobeba barua. Katika misheni na ofisi za mashirika palikuwa na foni, redio ya kupokea na kupeleka sauti, iliyofunguliwa kwa saa zilizojulikana. Aliyetaka kumpata ndugu yake wa Bukavu au Kigoma alikwenda saa ile, akasimama foleni, akasema mbele ya wote waliosimama, na akamwachia nafasi anayefuata. Siri haikuwako. Lakini pia hapakuwa na mtu aliyekaa na foni usiku kucha. Februari 2002 ilipoanza Radio Okapi, ya Umoja wa Mataifa na shirika la Hirondelle, ikiwa na matangazo ya Kiswahili, watu walikuwa wamekwisha kujifunza kwa gharama kubwa kutoamini kila sauti itokayo hewani, na kuwauliza wengine kabla ya kufunga mizigo.

Simu ya mtu mmoja

Simu ya mkononi ilileta mapinduzi ambayo hakuna mkazi wa Kabambare angetaka yarudishwe nyuma. Mgonjwa hupata msaada mapema, mzazi hujua kama mtoto amefika, mchimbaji wa dhahabu wa Salamabila hujua bei kabla ya mnunuzi kumdanganya. Simu pia huonya. Katika eneo la Salamabila na Namoya, ambako kampuni ya Banro ilisimamisha uchimbaji mwaka 2019 kwa sababu ya vurugu, ujumbe mfupi unaosema barabara haipitiki unaweza kuwa ndio ujumbe muhimu kuliko yote ya mwaka.

Hapo ndipo ushauri unaotolewa kwa walevi wa mtandao wa Ulaya na Marekani unapokwama. Kuzima simu kwa siku tatu, kuiacha chumba kingine, kufuta programu zote: kwa mtu wa Chicago ni zoezi la kujinyima, kwa mtu wa Kabambare ni kujiondoa katika ulinzi wa jamaa zake. Ujumbe wa kuokoa maisha huja kwa mlango uleule unaopitisha picha za mzaha, ndoto ya sheikh, tangazo la kazi ya uongo na uvumi juu ya kabila la jirani. Vyote hutoa mlio mmoja. Foni ilikuwa na saa yake na baraza ilikuwa na msomaji wake. Simu haina mtu wa kusema hii ingoje. Mpokeaji hulazimika kuwa baraza nzima peke yake, usiku na mchana, na haishangazi kama anashindwa.

Kwa miaka kadhaa umaskini ulifanya kazi ya mpambanuzi. Yunite ziligharimu, mega zilinunuliwa kwa vipimo vya siku moja, na mahali pasipo umeme simu hupelekwa kwa mwenye paneli ya jua au jenereta, ikakaa huko saa kadhaa pamoja na za wengine. Mipaka hiyo haikuwekwa kwa ajili ya afya ya mtu, na kuisifu ni ukatili. Anayekosa mega hukosa pia habari ya msiba. Inatosha kusema kwamba inaondoka, na inapoondoka hakuna kilichoandaliwa kushika nafasi yake.

Serikali nayo imejaribu kupambanua, kwa njia mbaya kuliko zote. Intaneti ilikatwa nchini Kongo Januari 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi. Ilikatwa tena tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi mkuu, pamoja na ujumbe mfupi wa simu, ikarudishwa baada ya siku kama 20. Sababu iliyotolewa ni kuzuia matokeo ya uongo. Mwezi huohuo wa Januari 2019 wenye WhatsApp walitangaza kwamba duniani kote ujumbe hautaweza tena kupelekwa mbele kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mara moja, na Aprili 2020 wakaufunga zaidi ule uliokwisha kusambaa sana. Uamuzi wa kwanza ulinyamazisha nchi, wa pili ulipunguza kasi ya uvumi kidogo bila kumnyamazisha mtu. Haulingani na ule wa kwanza hata kidogo, ila kwa hili: katika yote mawili mtumiaji hakuulizwa. Kwa mara nyingine mkubwa alichuja, mdogo akapokea.

Kundi la wenzi ni kitu kingine, na kielelezo chake cha karibu Kongo hakitoki katika baraza ya wenye pembe wala katika tarika. Kinatoka katika likelemba. Watu wachache wanaojuana, aghalabu wanawake wa sokoni, hutoa kiasi kilekile siku ileile, na kila mmoja hupokea kwa zamu. Hakuna mkubwa kati yao. Sheria ni chache na zimekubaliwa kwa maneno. Anayechelewa haadhibiwi na polisi; huona haya mbele ya wenzake, nao huenda nyumbani kwake kujua kulikoni. Majina ya kwanza ya Akron na siri ya majina yana maana katika mji wa watu wasiojuana. Kwa likelemba yangekuwa kichekesho, kwa sababu nguvu yake yote iko katika kujuana. Kikundi cha simu chenye muundo huo hakingehitaji kuwa na watu wengi, na hakingekuwa na haja ya kuuita uzembe wa kila mtu ugonjwa. Kingeweza kutumia ujumbe wa sauti, ili asiyejua kuandika asiachwe nje kama alivyoachwa barazani. Kingeweza kukubaliana saa za jioni ambapo simu hazishikwi, na asubuhi kila mmoja akaeleza ilikuwaje.

Taabu yake ingekuwa ileile ya zamani. Mwanamke ambaye simu yake hupekuliwa na mumewe hawezi kusema kikundini kama mwanamume aliye huru na simu yake, na kijana asiye na kazi, ambaye simu ndiyo dirisha lake pekee, ana haki ya kushuku kila anayemwambia alifunge. Kuna pia tabia ya Waswahili wote ya kuliona kundi jipya kama mahali pa kupeleka salamu, tangazo la harusi na sala ya Ijumaa, hata kundi la kupunguza ujumbe likawa chanzo cha ujumbe zaidi. Na kabla ya kugusa lolote kati ya hayo, wenzi wa Kabambare wangelazimika kwanza kuketi na kukubaliana ni nani kati yao, kwa zamu, simu yake itabaki wazi usiku, na barabara ya Salamabila ikifungwa, atagonga mlango wa nani kwanza.